Ng'ombe wa Siku Hizi Wanazaa Wenyewe

Nyumbani,
Jumanne, mwezi wa sita.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu za moto, na zikufikie kabla hazijapoa. Hujambo wewe? Goti lako linaendeleaje, bado linatabiri mvua? Na shemeji je, presha imeshuka au bado anaipandisha mwenyewe kwa kutazama mpira? Watoto wote hawajambo? Nakuuliza mengi kwa mpigo, ingawa nakujua, utanijibu la goti tu.

Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika vizuri, nyasi zipo, kuku wamerudi kutaga. Bati la jikoni lililokuwa linavuja tumelibadilisha, kwa hiyo siweki tena ndoo juu ya meza. Binti yetu wa mwisho amepata kazi ya ualimu na amepewa darasa la kwanza. Anasema watoto wale ni wasumbufu kuliko mbuzi wote aliowashikia baba yake. Mimi sijambo, ila magauni yamenibana, na najua utasema si magauni.

Sasa usishtuke kuona mwandiko wangu mahali ulipozoea kuona wa kaka yako. Hajafa, hajalazwa, wala hajanuna. Uliuliza kwa nini hakuandikii siku hizi, naye akakujibu kwenye simu kwamba kazi zimemzonga. Si kweli. Kaa chini, weka chai karibu, nikueleze.

Utoto wake unaujua wewe, maisha yaliyobaki nayajua mimi. Amekuwa bwana mifugo hapa muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe aliowazalisha tulipohamia sasa ni mabibi wa mabibi. Nyumba yangu unaijua. Sindano zinakaa rafu moja na vikombe, chanjo inalala kwenye friji ubavuni mwa maziwa, na mafuta yangu ya kupikia yameingia kwenye matumbo ya ng'ombe wengi kuliko yalivyoingia kwenye sufuria. Anayapaka mkononi hadi begani kabla ya kuuingiza, basi nikitaka kukaanga kitu nakuta chupa imebaki na harufu tu. Nikiugua, swali lake la kwanza ni kama nimekunywa maji, la pili ni kama nimekwenda haja, na siku moja nusura aniulize kama nimecheua.

Na ile sufuria anayochemshia kamba zake za kuzalishia bado ipo. Sijasahau kwamba ulipokuja kututembelea mara ya mwisho uliamka mapema, ukataka kutufurahisha, ukatupikia chakula humo humo. Tulikula, tukakusifu, na kaka yako akanikanyaga mguu chini ya meza nisiseme neno. Hakuna aliyekufa. Lakini sitaacha kukukumbusha mpaka siku ya mwisho.

Nakueleza hayo ili ukumbuke jinsi anavyofanya kazi. Kaka yako hatazami. Akishaingiza mkono anafumba macho, anaamuru kila mtu anyamaze, mwenye ng'ombe, watoto, hata mbwa akiweza, kisha vidole ndivyo vinavyoona. Atasema, "Huyu hapa, mguu wa mbele, pua ipo, kichwa kimegeuka kidogo." Watu wanangoja maneno hayo kama wanavyongoja hukumu. Kucha za mkono ule wa kulia hajawahi kumwachia mtu azikate, hata mimi.

Tangu mwaka jana nikaanza kuona mabadiliko, na nilidhani ni ya heri. Akiitwa kuzalisha, anarudi upesi, shati safi, anapiga mluzi. Nikimuuliza, ananiambia, "Ng'ombe wa siku hizi wanazaa wenyewe, Mama. Nikifika nakuta ndama amekaa sawasawa, kazi yangu ni kumpokea tu." Akaamini ni kwa sababu ya ushauri wake wa malisho, na ushauri huo nimeusikiliza katika kila mlo. Sikulalamika. Mume anarudi chakula kikiwa cha moto, mafuta yangu yanabaki, ningelalamikia nini?

Lakini mambo mengine hayakunipendeza. Asubuhi moja alinyanyua sufuria ya maziwa kutoka jikoni bila kitambaa, akatembea nayo hadi mezani, akaitua taratibu. Mimi nilipoigusa niliruka. Yeye ngozi ya vidole ilikuwa imeungua na hana habari. Vifungo vya shati akaanza kuniomba nimfungie, ananiambia mashimo yamekuwa madogo. Kijiko kinamdondoka. Kalamu ndiyo kabisa, akiandika mistari miwili anaitupa. Ukimuuliza, jibu ni moja: uzee.

Hospitali hakutaka kusikia. Ikabidi nimdanganye kwamba mimi ndiye mgonjwa, anisindikize. Tulipoingia kwa daktari nikamwambia, "Mgonjwa ni huyu," nikaketi mbele ya mlango. Hakunisemesha njia nzima ya kurudi, ila daktari alikwisha sema yake. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko umebanwa. Mikono inayofanya kazi kama yake miaka yote huchoka hivyo. Ganzi iliyoko kwenye vidole huenda isiondoke yote, lakini akipasuliwa mapema mkono utabaki mkono. Akichelewa, nyama za kiganja zitaendelea kukauka na hataweza kushika hata fimbo. Na upasuaji huo hapa kwetu haufanyiki. Unafanyika huko mjini kwako, hospitali ile ile unayokwenda kupima goti.

Kaka yako alisikiliza yote, akashukuru, akasema, "Tutaona." Wewe umezaliwa katika ukoo huo, unajua "tutaona" ya kwenu maana yake nini. Baba yenu aliambiwa ajenge choo kipya akasema tutaona, tukamzika choo kikiwa kile kile.

Basi ikaja Jumapili moja, tumemaliza kula mchana. Unamkumbuka yule ng'ombe uliyetuachia ulipoolewa? Tunaye mjukuu wake, tunamwita Kiburi, na jina linamstahili. Siku hiyo uchungu ulimshika tangu asubuhi, chupa ikapasuka, lakini hakuna kinachotoka. Nikamwambia kaka yako nimtume mtu akamwite yule daktari mpya wa mifugo, msichana aliyeletwa kituo cha ng'ambo ya mto. Watu wanamwita Binti Daktari. Kaka yako akanikata jicho. "Niitiwe daktari kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Akavua shati, akanawa, akamaliza mafuta yangu, akafumba macho. Nikanyamaza, nikingoja yale maneno yake. Hayakuja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko wa koti lisilo lake. Akatoa mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto usiozoea kazi hiyo, akautoa. Kamba alikwisha itia tanzi, iko tayari kufungwa. Akaitazama ile kamba kwa muda, kisha akaiweka chini.

"Mama, nawa mikono," akaniambia.

"Nimeshanawa."

"Nawa mpaka begani."

Wifi yangu, nimeshika taa, nimeshika kamba, nimeshika mikia ya ng'ombe maisha yangu yote ya ndoa, lakini ndani sikuwahi kuingia. Ni joto, ni utelezi, na ng'ombe akisukuma unaona kabisa kwamba mkono haurudi. Nilimwita Mungu na mama yangu kwa pamoja. Kaka yako akaenda kukaa kichwani kwa Kiburi, akamkumbatia shingo, akafumba macho pale pale, akaanza kuniuliza.

"Umeshika nini?"

"Kwato. Mbili."

"Zimeelekea juu au chini?"

"Moja juu, moja chini."

"Usivute chochote. Shika huo mguu mmoja, panda nao polepole mpaka ufike mwilini. Umefika? Sasa ukitokea hapo hapo, tafuta njia ya kwenda kwenye ule wa pili."

Nilitafuta. Nilitafuta tena. "Haikutani," nikamwambia. "Huu unakwenda huku na huu unakwenda kule. Mzee, humu mna watu wawili."

Kaka yako akaegemeza paji la uso wake kwenye shingo ya Kiburi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Angeifunga ile kamba kwenye miguu hiyo miwili, mmoja wa ndama huyu na mmoja wa yule, na tungevuta. Tungewaua wote watatu, sisi wenyewe, kwa mikono yetu.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Aliniongoza kwa mdomo: msukume huyu ndani, ngoja apumzike, sasa mlete yule wa nyuma, siyo hivyo, hivyo. Alinifokea, nami nikamfokea, Kiburi naye hakubaki nyuma. Wakatoka wawili, wote majike. Wa pili alikuja amelegea kama nguo mbichi, kaka yako akamtekenya pua kwa jani la nyasi mpaka akapiga chafya. Nililia, sikuficha. Nilikuwa na damu hadi sikioni na sijawahi kufurahi hivyo tangu nizae wangu.

Tulipokaa chini, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi matopeni, akanieleza. Vidole havioni tena. Anagusa, lakini ni kama anagusa akiwa amevaa soksi nzito. Ilianza mwaka jana.

Nikamuuliza, "Sasa wale wengine wote, mbona wamezaa salama?"

"Ndiyo nashangaa," akasema. "Nilikuwa nakuta kila kitu kimenyooka. Nikadhani Mungu ananihurumia."

Kesho yake akaamua kwenda kwa Mzee Haraka, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. Haraka ni jina la utani, mtu mwenyewe akianza kuamka leo anasimama kesho. Ng'ombe wake mmoja alikuwa karibu kuzaa, na kaka yako hakutaka tena kujaribu bahati. Tukaenda wote. Akasimama uani, akasema bila kuzunguka, "Mzee mwenzangu, mkono wangu umekufa ganzi. Usiniite tena kuzalisha."

Mzee Haraka akatazama viatu vyake. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kuku. Mwishowe akasema, "Daktari, hilo tunalijua siku nyingi."

Wifi, wanajua wote! Mwaka jana kaka yako alifunga kamba vibaya kwa huyo huyo Haraka, mke wa Haraka akaona, wakasingizia kamba imekatika na chai iko tayari, wakamwita Binti Daktari kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo majirani wakapatana. Ng'ombe akishikwa na uchungu, anaitwa Binti Daktari kwanza. Anamnyoosha ndama, anajificha, halafu ndipo mtu anatumwa mbio kwetu: "Bwana Mifugo, njoo upesi, hali ni mbaya!" Kaka yako anafika, anafumba macho, anapokea ndama, anarudi kwangu akipiga mluzi. Na ng'ombe wa hatari kweli Binti Daktari alikuwa anamzalisha mwenyewe, sisi tunaambiwa amezalia malishoni.

Kaka yako akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Mzee Haraka akajibu, "Tungekuambiaje? Wewe ndiye uliyetufundisha kunyamaza unapofanya kazi."

Alikasirika, wifi yangu. Mimi nilitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja, lakini yeye alikasirika kweli. Njiani akaniuliza kama na mimi nilijua. Nikamjibu, "Ningejua ningekuambia, si unanijua mimi na siri?" Akasema, "Ndiyo maana hawakukuambia." Akaingia ndani, akafunga mlango. Siku kadhaa chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Alikuwa anakaa bandani na wale mapacha, na mara moja nikamsikia akimwambia Kiburi kwamba yeye peke yake ndiye hakumdanganya. Iliniuma. Mtu anaweza kuvumilia mkono kufa, lakini kujua kwamba watu walikuwa wanakusitiri kama mtoto aliyejikojolea, hiyo ni kazi nyingine.

Kisha Binti Daktari akaja mwenyewe. Hakutumwa. Akapiga hodi, akaamkia shikamoo, akabaki amesimama mlangoni na buti zake. Kaka yako hakumkaribisha kiti. Akamuuliza swali moja tu: "Mimi nilipokuwa nafanya kazi, wewe ulikuwa wapi?"

"Popote pale, Mzee. Kwa Mzee Haraka, nyuma ya majani ya ng'ombe. Kwa mama muuza maziwa, chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda?"

"Na mkono haujakauka. Shuka lake nililichafua, mpaka leo hajanisamehe."

Kaka yako akageuza uso, lakini niliona mabega yakicheka. Akamuuliza mbona hakukataa upuuzi huo. Yule msichana akasema alikataa, ila mara ya kwanza tu. Halafu akiwa mafichoni akamsikia kaka yako anamsifu ng'ombe: "Hongera mama, umemnyoosha mwanao vizuri, hata mimi nisingeweza hivi." Akasema, "Ile ilikuwa kazi yangu, Mzee. Na tangu nije hapa hakuna mwingine aliyenisifu."

Hapo kaka yako akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamletea maji. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kamba zake zote zikiwa ndani ya ile sufuria yenye mfuniko. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Akamwambia, "Zichemshe kila ukitoka kazini. Na usipikie chakula humo, kuna mtu wa ukoo wangu alishajaribu." Binti Daktari akapiga goti kupokea. Mimi nikaenda kukaanga mayai, kwa mafuta mengi kupita kiasi, kwa sababu sasa yatabaki.

Tangu siku hiyo nyumba imetulia. Mzee Haraka alituma mtu wiki iliyopita kusema ng'ombe anazaa, Bwana Mifugo aende kumalizia. Kaka yako akajibu, "Mwambie Haraka kama amebaki kumalizia, amalizie mwenyewe." Lakini jioni alikwenda kumwona ndama, na alikaa kunywa chai. Wamepatana.

Kilichobaki ndicho kilichonifanya nikuandikie. Mkono. Kila nikimkumbusha ile safari ya kuja kwako kupasuliwa, ananiambia tutaona. Najua kinachomtisha, ingawa hajakisema. Anaona akienda atarudi na mkono usiokuwa na kazi, na bwana mifugo asiye na kazi sijui anajiona nani. Anawaza kwamba ule wa sasa, hata ukiwa umelala, bado ni ule ule aliofanyia kazi.

Mimi nautaka mkono ule, wifi. Sijali kama hautazalisha tena hata paka. Nataka aweze kufunga vifungo vyake na kushika kikombe bila kuungua. Nataka anishike na ajue amenishika. Usiku huu wa uzee wetu nataka kuwa na mume mwenye mikono miwili, na siombi radhi kwa hilo. Mwandikie wewe. Usimbembeleze, akibembelezwa anakuwa kama Kiburi. Mfokee. Wewe ndiye uliyebebwa mgongoni mwake, labda wewe atakusikia.

Wale mapacha wanaendelea vizuri. Mmoja ni wako, kwa haki ya bibi wa mama yake. Utuletee jina. Yule aliyepiga chafya sasa ndiye mtundu, amekwisha kula kona ya kanga yangu.

Nisalimie shemeji, mwambie mpira hautaacha kuchezwa kwa sababu yeye kazima televisheni. Wasalimie watoto wote, waambie mjomba wao anawakumbuka. Wanao wa huku wanakuamkia, shangazi yao. Mzee Haraka na mkewe wanakusalimu, na mama muuza maziwa pia. Barua naiacha mezani usiku huu kaka yako aisome, maana nimechoka na siri za watu, na kesho mwalimu wetu ataipeleka posta. Mungu akulinde ukiingia na ukitoka, goti lako lilainike, na nyumba yako isikose kicheko.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuchokoza,
Mke wa kaka yako.

Mdogo wangu,

Nimeisoma yote. Wifi yako ameongeza chumvi, mafuta hayakuwa mengi kiasi hicho. Samahani kwa mwandiko, herufi zinakwenda kama ndama wa siku moja. Hii naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nakuletea.

Kaka yako.